Naomba ushauri: tui la nazi ninalokamua nyumbani ni jepesi na linakatika jikoni

MamaNeema, Arusha

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba msaada wa wazoefu kuhusu tui la kukamua nyumbani. Mume wangu ni mtu wa Tanga, na kwetu chakula cha nazi hupikwa mara nyingi, hasa wali, maharagwe na samaki. Kwa muda mrefu nimetegemea tui la pakiti, lakini sasa nimenunua mbuzi ya kukunia nazi na ningependa kukamua mwenyewe, kwa sababu ladha ya nazi iliyokunwa muda huohuo haifanani na ya dukani, na pia kwa sababu nataka kujua watoto wangu wanakula nini.

Tatizo langu lina sura mbili. Kwanza, nazi moja kubwa hunipa tui jepesi mno, ilhali chicha linalobaki bado lina utelezi wa mafuta mkononi. Pili, nikilimimina kwenye maharagwe yenye nyanya, baada ya dakika chache linakatika: mafuta yanaelea juu, na chini hubaki maji yenye chembechembe nyeupe. Tui la pakiti halifanyi hivyo hata likichemka sana. Hukamua kwa maji ya bomba kama yalivyo, na nazi hununua sokoni zikiwa zimekwisha kufuliwa, yaani kuondolewa makumbi. Je, tatizo liko kwenye nazi, kwenye maji au kwenye moto? Nitashukuru pia kujua namna ya kuhifadhi tui linalobaki, na mapishi mengine ninayoweza kuyajaribu.

Mwana wa Pangani

Dada MamaNeema, karibu. Nianze na nazi yenyewe, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wa bara hupunjwa. Dafu ni la kunywa maji yake. Koroma limeanza kukaza nyama, lakini mafuta yake bado machache. Nazi iliyokomaa, yenye umri wa karibu miezi 12, ndiyo yenye tui. Mfanyabiashara anayewahi soko huangua vyote pamoja, na vikishafuliwa si rahisi kwa mtu asiyekulia minazini kuvitenganisha kwa macho.

Tumia sikio. Koroma limejaa maji hadi juu, hivyo ukilitikisa halitoi sauti kubwa, bali nazi iliyokomaa maji yake yamepungua na husikika wazi yakicheza ndani. Ile ambayo haina sauti kabisa na tena ni nyepesi mkononi iache, kwani imepata ufa au imekaa mno. Tazama pia macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, ndani kumeanza kuharibika. Ukiivunja, onja maji kabla ya kukuna: yakiwa na uchachu, au nyama ikiwa na ladha inayokaribia sabuni, usiipeleke kwenye mbuzi, kwa sababu ladha hiyo haiondoki hata uweke viungo vya namna gani.

Wakati wa kukuna, zungusha kifuu kidogo kidogo na uishie pale rangi ya kahawia inapoanza kuonekana, la sivyo tui litakuwa la kijivu. Kisha mimina kikombe kimoja tu cha maji kwa nazi moja, fikicha kwa vidole mpaka uone weupe umetoka, na ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi cha pamba. Hilo ni tui zito. Liweke peke yake. Lirudishie chicha vikombe viwili vya maji, ukamue tena, upate tui jepesi. Nina hakika kwamba nusu ya tatizo lako ni kumimina maji yote kwa pamoja, kwa kuwa anayefanya hivyo hupata tui moja la kati ambalo halitoshi kuwa zito.

Fundi Chakula, Morogoro

Naunga mkono aliyosema ndugu wa Pangani, na ninaomba kuongeza jambo moja ambalo kwa mkazi wa Arusha lina uzito wa pekee, nalo ni joto la maji.

Nyama ya nazi iliyokomaa ina takriban gramu 33 za mafuta katika kila gramu 100. Mafuta hayo huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi. Pangani au Mombasa maji ya mtungini huwa na joto la kutosha karibu mwaka mzima, ndiyo maana wazee wa pwani wengi hawakuwahi kuhitaji kuyapasha. Arusha, hasa kati ya Juni na Agosti, maji ya bomba ya asubuhi ni ya baridi kiasi kwamba mafuta hukaza ndani ya nazi iliyokunwa badala ya kutoka, na huo utelezi unaouhisi kwenye chicha ndiyo mafuta uliyopaswa kuyapata kwenye bakuli. Pasha maji hadi yawe ya moto lakini mkono uweze kuyavumilia, yamimine juu ya nazi, uache kwa dakika 5 hadi 10, ndipo ufikiche na kukamua. Usitumie maji yanayochemka, kwa sababu utaungua na pia utaanza kuipika protini kabla ya wakati wake.

Protini hiyo ndiyo jibu la swali lako la pili. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasiungane ni utando mwembamba wa protini za nazi. Joto linapokaribia nyuzi 80 na kuendelea, protini hizo huanza kugandana, na zile chembechembe nyeupe unazoziona ndizo hizo. Asidi huharakisha jambo hilohilo, na nyanya, ndimu na ukwaju vyote vina asidi. Kwa hiyo maharagwe yako yanalishambulia tui kwa pande mbili, moto mkali na nyanya ambazo hazijaiva sawasawa. Tui la pakiti huvumilia kwa sababu viwanda vingi huongeza vikolezo vya kushikamanisha, kwa mfano unga wa mbegu za guar, na pia hulipitisha kwenye mashine inayoyavunja matone ya mafuta yawe madogo zaidi. Tui lililokatika halijaharibika na linalika bila madhara. Kilichopotea ni ulaini wake tu.

Bi wa Kisauni, Mombasa

Mwanangu, wataalamu wamekueleza vizuri, nami nikwambie ya jikoni. Tui jepesi ni la kupikia na tui zito ni la kumalizia. Ukishika hilo, kukatika utakusikia kwa wengine.

Chukua hayo maharagwe. Yachemshe hadi yaive kabisa. Kaanga vitunguu na nyanya pembeni mpaka nyanya zivunjike na maji yake yakauke, na mafuta yaanze kujitokeza kando ya sufuria; nyanya iliyopikwa hivyo haina ukali tena. Changanya na maharagwe, tia tui jepesi, acha vichemke pamoja hadi mchuzi ushikane. Sasa punguza moto. Chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto uuchanganye na tui zito ndani ya bakuli, ili tui lisishtuke, kisha umimine lote sufuriani. Kuanzia hapo usiondoke wala usifunike. Koroga kwa kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, mpaka uone povu dogo dogo linaanza kando ya sufuria, na hapo uepue. Mbaazi za kula na mahamri hupikwa vivyo hivyo, na kisamvu na mchicha pia, ila mchicha hautaki muda mrefu.

Wali wa nazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa mchele wenyewe hulinywa tui. Kwa vikombe viwili vya mchele, chemsha vikombe vitatu vya tui jepesi pamoja na chumvi, tia mchele uliooshwa, na maji yakikaribia kukauka mimina tui zito juu, geuza mara moja kwa mwiko, funika na uweke makaa juu ya kifuniko. Ukitumia gesi, moto uwe mdogo kabisa. Kipimo cha maji hubadilika kwa mchele. Mchele mpya wa msimu hutaka maji machache kuliko wa zamani.

Samaki wa kupaka ndiyo pishi ambalo ningependa ulijaribu kwanza. Samaki hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, akachomwa mkaani hadi akaribie kuiva. Tui zito la nazi mbili huwekwa jikoni na manjano, thomu, pilipili iliyosagwa na chumvi, likakorogwa kwa moto mdogo mpaka lishike mgongo wa upawa. Ndimu au ukwaju hutiwa mwisho, baada ya kuepua. Kisha samaki hurudishwa juu ya makaa na kupakwa tui hilo upande mmoja baada ya mwingine, hadi rojo lianze kupata rangi. Kinachobaki humiminiwa juu yake sahanini.

MamaNeema, Arusha

Nawashukuru sana nyote. Shikamoo Bi wa Kisauni. Suala la maji baridi sikuwahi kulifikiria hata kidogo. Nina maswali mawili zaidi. Siku za kazi sina muda wa kukaa kwenye mbuzi. Je, mashine ya kusagia inafaa, au nitapoteza ladha? Na tui likibaki, linakaa muda gani?

Mwana wa Pangani

Kwa maoni yangu mbuzi haina mbadala. Nazi iliyokunwa hutoka nyembamba na kavu, tui lake ni safi na halina mchanga wa chicha. Tui la mashine nimelinywa katika nyumba za watu, na ulimi huhisi unga wake.

Fundi Chakula, Morogoro

Hapa natofautiana kidogo na ndugu yangu. Mashine huvunja nyama ya nazi kuwa vipande vidogo zaidi kuliko mbuzi, hivyo mafuta mengi zaidi hutoka, na kwa mtu anayenunua nazi kwa bei ya bara hilo si jambo dogo. Unga anaoulalamikia hutokana na kusaga kupita kiasi na kuchuja kwa chujio la chai. Bandua nyama kutoka kwenye kifuu, menya ngozi ya kahawia, katakata vipande vidogo, saga kwa maji ya moto kiasi kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha uchuje kwa kitambaa kilichosukwa kwa kubana. Kitambaa hicho kichemshwe kila baada ya matumizi na kianikwe juani, kwa sababu mafuta yanayobaki kwenye nyuzi hupata harufu mbaya upesi na kuipitisha kwenye tui la siku inayofuata.

Kuhusu muda: tui halina asidi ya kulilinda, na lina sukari, protini na maji, kwa hiyo bakteria hulipenda. Katika joto la pwani huweza kuchacha ndani ya saa chache. Likamue, na kama hulitumii papo hapo, liweke kwenye jokofu, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, na ulimalize ndani ya siku mbili. Utakuta tabaka gumu jeupe limejitenga juu. Hayo ni mafuta yaliyoganda kwa baridi, wala si dalili ya kuharibika. Weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu na ukoroge, litarudi. Dalili za kuharibika ni uchachu, mapovu na utelezi unaovutika.

Mzanzibari wa Muscat

Assalaam alaykum. Huku Omani nazi za kuvunja zinapatikana, lakini familia nyingi hutumia unga wa tui. Nashauri yeyote mwenye mtoto asiyepatana na maziwa ya ng'ombe asome maandishi ya pakiti, kwa sababu aina nyingi za unga huo huwa na kaseini, yaani protini ya maziwa, na watu huununua wakidhani ni nazi tupu.

Mimi hukamua siku ya Ijumaa kwa wiki nzima. Tui zito huligandisha kwenye trei za barafu, na vipande vikishaganda huvihamishia kwenye mfuko na kuutia tarehe. Likiyeyuka huonekana limejitenga, na kwa mchuzi hilo halidhuru, lakini kwa samaki wa kupaka ni bora tui la siku hiyohiyo. Iwapo jokofu lako lina nafasi ndogo, gandisha nazi iliyokunwa badala ya tui, kisha ikamue kwa maji ya moto siku unayoihitaji.

Mwana wa Pangani

Juu ya mashine nimesikia, ingawa kwa samaki wa kupaka bado ningekuna kwa mbuzi. Naongeza kuhusu chicha, kwa kuwa wengi hulitupa. Kuku hulila vizuri likichanganywa na pumba, mradi liwe la siku hiyo, maana likilala huchacha. Kwa kashata usitumie chicha. Kashata hutaka nazi iliyokunwa ambayo haijakamuliwa, kwani utamu wake umo katika mafuta hayohayo.

MamaNeema, Arusha

Ahsanteni. La mwisho, nikitaka kupika vitumbua vya asubuhi, mchele uliolowekwa nisage na tui lipi?

Bi wa Kisauni, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Saga na tui zito, liwe la uvuguvugu, lisiwe la moto, kwa sababu hamira hufa ikikutana na moto. Tia iliki na sukari, funika bakuli, uliweke karibu na jiko, kwa kuwa baridi ya huko kwenu itachelewesha kuumuka. Ukiona mchanganyiko umekuwa mzito mno baada ya kuumuka, ulegeze kwa tui jepesi kidogo kidogo, usitie maji.