Tupeane uzoefu: tyuni za ajabu ajabu kwa tunaopiga gitaa la hevi, Dodoma na kanda ya kati

Rifu la Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Wapiga metali huku kwetu tuko wachache na kila mtu kajifungia chumbani na hedifoni asije akagombana na mwenye nyumba, kwa hiyo nimeona bora tukutane hapa, kila mtu aseme gitaa lake kalityuni vipi na kimetokea nini. Dropu D na dropu C (zile za kushusha uzi mnene) tunazijua wote, leteni zile za ajabu.

Naanza na yangu. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: C G C G Bb D. Ukitokea stendadi (E A D G B E) hakuna uzi hata mmoja unaokaza, zote unazilegeza isipokuwa wa tatu (tunahesabu kutoka mwembamba) unabaki G palepale, kwa hiyo hofu ya kukata uzi ondoa. Sasa utamu wote uko kwenye hiyo Bb, maana sio Bb ya kinanda, iko chini yake senti 31 (senti 100 ni hatua ya freti moja), na hiyo ndo sauti ambayo mtu aliyekulia kwenye ngoma za kigogo anaiimba bila kufundishwa na mtu. Gerhard Kubik, yule mtafiti wa Austria, alishaandika kwamba skeli ya wagogo inatoka kwenye sauti za asili zinazojificha ndani ya noti moja, ya nne hadi ya tisa. Mimi nimezichukua nikazipandisha kwenye gitaa nikawasha distoshen, ile inayokwaruza sauti.

App ya kutyuni weka pembeni, utaihitaji kwa uzi wa sita tu, ushushe mpaka C. Ukiugusa kidogo bila kuukandamiza juu ya freti ya 12 unapata haamoniki, kasauti ka ndani ya uzi, nayo ndo sauti ya uzi wa nne, juu ya freti ya 7 unapata ya uzi wa tatu. Uzi wa tano uguse freti ya 12, ulingane na wa tatu ukiwa wazi. Wa kwanza unalingana na haamoniki ya freti ya 7 ya uzi wa tano. Kazi ipo kwa uzi wa pili: rudi uzi wa sita, gusa kidogo tu kabla ya freti ya 3, katatoka kasauti kembamba kanakokimbia ukizubaa, hako ndo ulinganishe na haamoniki ya freti ya 12 ya uzi wa pili mpaka lile wimbi la wau-wau lizime kabisa.

Kwa nini inafaa hevi? Distoshen ikipewa noti mbili inazaa nyingine, jumla na tofauti ya mitetemo yao. Meja tatu (umbali wa freti nne) ya freti imepanda senti 14 juu ya ile ya asili, ndo maana kodi ya meja yenye gain nyingi (distoshen kubwa) inakuwa vurugu na wote tukakimbilia pawa kodi, noti ya msingi na kwinti yake (umbali wa freti saba) tu, maana kwinti ya freti imepungua senti 2 tu. Kwenye hii tyuni nyuzi ziko kwa uwiano wa 2:3:4:6:7:9 kwa hiyo kila noti inayozaliwa inaangukia ndani ya ukoo uleule. Laza kidole kimoja nyuzi zote sita freti ya 3, ya 5, popote, gain mpaka mwisho, haivurugiki. Inanguruma tu. Karibuni.

Kisasa Lo-Tyuni:
Mkuu nimeijaribu juzi usiku, aisee ile saba (hiyo Bb) inakwaruza vizuri. Ila nilikuwa na seti ya 10-46 (unene wa uzi mwembamba hadi mnene), uzi wa sita umelegea mpaka unagonga pikapu (sumaku za kunasa sauti), na ukiupiga kwa nguvu noti inaanza juu halafu inashuka kama imelewa. Hesabu iko wazi, kutoka E kwenda C mvutano unapungua kama asilimia 37. Nikatafuta uzi wa 56 wa chini na 42 wa tano, sasa mvutano unakaribia ule wa mwanzo. Tatizo kuzipata, hapa mjini utapewa seti ya kawaida tu, mimi jamaa alinitumia kutoka Kariakoo.

Dada wa Pedo:
Naomba nipinge kidogo kuhusu nyuzi nene. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham mwaka 1965, tena vya mkono wa kushikia freti maana anapiga kushoto, akawa anatumia nyuzi nyepesi na baadaye akashusha tyuni ili zilegee vidole visiumie. Sauti nzito ya dunia nzima imetoka kwenye nyuzi legelege. Mimi napiga C na 10-46 hivyohivyo, mkono wa kulia naushika taratibu, natandika karibu na brigi, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi. Ukiwa na mkono wa kupasua kuni lazima ulalamike.

Fundi wa Magitaa Chang'ombe:
Ndugu zangu uzi wa 56 msiupachike tu, ule mfupa wa juu shingoni umechongwa kwa uzi wa 46, mnene hauingii, unakaa juu na ukityuni unanasa halafu unaachia kwa kuruka. Uchongwe taratibu kwa faili dogo, usikate kina, panua pembeni. Kisha cheza na brigi, kipande cha uzi wa sita kirudishwe nyuma mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na haamoniki yake. Na kiangazi cha huku, Juni mpaka Oktoba, mbao inakauka mpaka ncha za freti zinachomoza pembeni zinakukwangua kiganja. Gitaa likae kwenye kesi na kitambaa chenye unyevu kwenye kopo lililotobolewa, msiliache ukutani karibu na dirisha la upepo.

Mwalimu wa Kwaya:
Vijana mnafurahisha lakini hiyo Bb ikikutana na kinanda kanisani ni aibu, senti 31 hata muumini wa benchi la nyuma anageuka. Kaeni nayo hukohuko kwenye makelele yenu 😂

Rifu la Nkuhungu:
😂😂 Mwalimu sahihi kabisa, haikai na kinanda. Kinanda hakiruhusiwi kwenye bendi yangu.

Mjukuu wa Ilimba:
Mimi niko Mvumi, babu anapiga ilimba, ile ala ya kigogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Nikatyuni kama mleta mada alivyoeleza ila ile Bb nikaiweka kwa app, ya kinanda. Babu alikuwa anakoboa mahindi nje, hakusema kitu muda mrefu, nilipofika kwenye rifu akaingia, akakaa kwenye ndoo, akaonyesha kidole uzi wa pili: "Huo mshushe." Nikashusha. "Tena." Nikashusha tena kidogo sana akanyanyua mkono nisimame, nikapima, sindano iko karibu na thelathini chini. Hajui senti wala Kubik. Kuhusu distoshen wala hakushtuka, maana ilimba yake ina vitundu vilivyozibwa na utando wa buibui ili kila noti ivume, wazee wametengeneza pedo ya distoshen zamani sana. Alichokataa ni sauti kubwa tu, anasema mbuzi hawalali. Wanaotaka kusikia hiyo saba inavyokaa kwenye ilimba wamtafute marehemu Hukwe Zawose, mgogo mwenzetu, alifariki 2003.

Mzee wa Dansi Singida:
Wanangu tyuni za ajabu hamkuzianza nyie. Wakongo wana mi-composé, unatoa uzi wa nne unaweka mwembamba wa oktevu ya juu, gitaa linalia kama kengele. Nimewahi kuipitishia distoshen ya kijana wangu, haina uzito hata kidogo ila inakata masikio. Kwa dansi ndo kwake.

Kisasa Lo-Tyuni:
Besi je? Ya nyuzi nne atafanyaje?

Rifu la Nkuhungu:
Ya nyuzi tano ndo mwake, freti ya kwanza ya uzi wa B ni C ya Hz 32.7, na hiyo ndo tofauti kati ya uzi wangu wa sita na wa tano, yaani distoshen ilishaanza kuizaa yenyewe, mpiga besi anaishindilia tu. Ya nyuzi nne ashushe E iwe C, apate C hiyohiyo, oktevu moja chini ya uzi wangu wa sita, sio mbaya. Anayeuza besi ya nyuzi tano iliyotumika hapa Dodoma aje inbox, shingo isiwe imepinda.