Hisa zote ziko kwa kampuni moja, nikiuza kodi itanimaliza. Naomba ushauri

NyarKano: Hamjambo wanajukwaa. Niko Kisumu, nilirudi kutoka Marekani miaka miwili iliyopita, na bado ni raia wa huko. Karibu asilimia 80 ya akiba iko kwenye hisa za kampuni moja ya kompyuta. Zilinunuliwa kidogo kidogo kuanzia 2009 kwa dola 21,000. Leo ni 190,000. Usingizi sipati. Kampuni ikiyumba, nimekwisha. Nataka kupunguza ninunue hatifungani, lakini faida ya 169,000 ikikatwa asilimia 15 ni zaidi ya dola 25,000. Nifanyeje kodi isinishukie kwa mkupuo?

MzeeWaKibuye: Dada, hisa za soko la Nairobi hazitozwi kodi hiyo. Asilimia 15 yetu inawauma wauza ploti. Mimi 2008 nilichukua mkopo wa sacco, nikapanga foleni ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5. Zikashuka chini ya 3, nikauza kwa hofu, na makato ya mkopo yakaendelea miaka mitatu. Mama watoto hunikumbusha kila msimu wa gawio. Usiuze!

MhasibuNakuru: Mzee, anaulizia Marekani. Dada, usiuze zote mwaka mmoja. Kwa mtu asiye na mwenzi, mapato yake ya 2025 yanayotozwa kodi yasipozidi dola 48,350, faida ya hisa yenyewe ikiwemo, faida hiyo hukatwa asilimia sifuri, mradi hisa zimekaa zaidi ya mwaka. Na gawio lisinunue tena hisa zilezile. Haraka ya nini?

NyarKano: Nimeshalipa arubuni ya ploti Mamboleo, salio ni kabla ya Desemba. Msinigombeze. Ardhi naiona kwa macho, hisa siioni.

MwalimuMstaafu: Kumbe uamuzi ulishafanya! Sachi ya ardhi, ya kuthibitisha mwenyewe halali, je? Watu wanauziwa ploti moja mara tatu. Vijana wetu hawataki tena kuuliza wazee.

NyarKano: Sachi ilifanywa, mwalimu. Niliuliza kodi.

MhasibuNakuru: Umeandika "zilinunuliwa". Alizinunua nani?

NyarKano: Hayo ni ya nyumbani.

MhasibuNakuru: Ndiyo yanayoamua kodi yako.

JichoKali: Jamani, hii ni hadithi ya kutunga. Mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa hapa akilia bei ya chakula cha kuku. Leo ana dola 190,000? Tusipotezeane muda.

NyarKano: Kuku ndio wanaonilisha, kwa sababu hizo hisa sijawahi kuzigusa. Ni za mume wangu. Alifariki Agosti 2021. Karatasi zake ziko kwenye mkebe wa biskuti, na pembeni ya kila karatasi ameandika kwa penseli bei aliyonunulia. Nikizitoa naona mwandiko wake, nafunga mkebe. Ndiyo maana sikutaka kuandika.

JichoKali: Pole sana, mama. Nisamehe.

MzeeWaKibuye: Pole, binti yangu.

MhasibuNakuru: Pole, dada. Akaunti ilikuwa ya jina lake pekee?

NyarKano: Lake pekee, kisha ikahamishiwa kwangu.

MhasibuNakuru: Basi zile 21,000 ziache. Sheria ya Marekani huhesabu hisa za urithi kwa thamani ya siku mwenyewe alipofariki. Ingekuwa akaunti yenu wawili, katika majimbo mengi ni nusu tu ingehesabiwa hivyo. Faida yako inaanzia Agosti 2021. Ile ya miaka kumi na miwili ya nyuma haitozwi. Iliyobaki uza kwa mafungu, mengine sasa, mengine Januari. Fungua akaunti, utuambie imeandikwa bei gani ya ununuzi.

NyarKano: Zimeandikwa zilezile za penseli. Za 2009.

MhasibuNakuru: Usiuze hata moja kabla wanaotunza akaunti yako hawajarekebisha bei hiyo. Wapigie, watataka cheti cha kifo.

NyarKano: Huku ni saa tano usiku, New York ni saa kumi jioni. Cheti kiko kwenye mkebe uleule. Napiga sasa hivi.