Mtoto anahamishwa kitengo kisa mwandiko, barua ya tiba kwa vitendo wameifanya kikalio cha birika!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mwanangu yuko darasa la pili. Gazeti la babu yake analisoma bila kukwama, hesabu za kichwa ananishinda hata mimi. Shida ni kuandika. Penseli anaishika kwa ngumi kama mchi, anakandamiza hadi karatasi inatoboka. Wenzake wakimaliza kunakili ubaoni, yeye yuko mstari wa tatu. Vifungo vya shati mpaka umfunge. Daftari limejaa "Andika vizuri!" kwa wino mwekundu, na viganja vina alama za fimbo. Fimbo inafundisha vidole?

Machi tukapewa rufaa kwenda tiba kwa vitendo (occupational therapy, ya kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku). Mimi nilidhani huko ni kwa wazee waliopata kiharusi. Yule dada mtaalamu wala hakuanza na daftari. Alimkalisha kitini, akatazama miguu: inaning'inia. "Mama, hapa nguvu zote zinaishia kujizuia asianguke. Mkono utatuliaje?" Akampa vibanio vya nguo avibane kwenye ukingo wa ndoo. Vitano tu, mtoto hoi. Kumbe mkono hauna nguvu. Si uvivu, wala si mapepo (shangazi yake alishaanza).

Nyumbani tukaambiwa akande unga wa chapati, amenye karanga, akamue matambara. Penseli iwe kipande kifupi, maana kifupi hakishikiki kwa ngumi, tena kizungushiwe mpira wa tairi la baiskeli. Shuleni miguu ikanyage boksi, akae mbele, aongezewe muda. Gharama kwa shule: sifuri. Wiki ya sita akafunga vifungo viwili mwenyewe, nikalia jikoni.

Hayo ya shuleni yule dada aliyaandika kwenye barua, nikaipeleka kwa mkono wangu. Mwalimu wa darasa: "Mama, nina watoto zaidi ya 90, hapa si hospitali." Ni wengi kweli, sibishi. Lakini boksi nimelileta mimi, likatupwa siku ya usafi! Juzi nimeitwa ofisini, naiona barua mezani imekaliwa na birika, duara la chai juu ya mhuri wa hospitali. Naambiwa nimhamishie kitengo cha wenye ulemavu wa akili, eti atawaangusha kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Mtoto anayesoma gazeti!

Baraza la Mitihani lenyewe linawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Ninyi dakika 5 za kumalizia kunakili zinawashinda?

Nimegoma kusaini. Anayejua namna ya kumpata afisa elimu maalumu wa wilaya bila kuzungushwa, aje inbox. Na wale wa "mpeleke shule ya kulipia", tumeni ada kwanza.