Filamu ya Death at a Funeral: ya Uingereza 2007 au ya Marekani 2010?

Mzee wa Reli: Kisa ni kimoja na mwandishi ni yuleyule, Dean Craig. Mazishi nyumbani, anatokea mtu mfupi asiyejulikana na picha za marehemu, anataka alipwe ili anyamaze. Ipi imesimama? Mimi ya Waingereza.

Kijiti: Ya Marekani, ya Chris Rock. Ile nyingine inasinzisha, mwanzo wote watu wanasalimiana tu.

Mzee wa Reli: Wanasalimiana? Jeneza linafika, linafunuliwa mbele ya Daniel, mtoto wa marehemu, maiti siyo ya baba yake! Hata jina la filamu halijakaa sawa. Umeanzia katikati wewe.

Fundi Picha: Kijiti, angalia kile kichupa. Kimeandikwa Valium, dawa ya kutuliza, lakini ndani mna dawa za kulevya alizotengeneza Troy, anayesomea famasia. Martha, dada yake Troy, anampa mchumba wake Simon kidonge kimoja atulize roho. Kisha kichupa kinaachwa ovyo, kinapita mkono hadi mkono, na kila anayekishika ana nia njema. Hizo salamu unazozilalamikia ndizo zinazokujulisha nani kakishika. Ukizipunguza, Simon akipanda paani uchi unaona kichaa tu.

Kijiti: Hata ya Marekani kichupa kipo.

Bi Tatu: Nyie mnabishania kichupa, mimi inaniuma maiti kumwagwa sakafuni watu wakacheka. Sisi Waafrika msibani hatuna mzaha.

Mwana Pugu: Hatuna? Watani je? Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anakuja anaiga mwendo wa marehemu na sauti yake, analizuia jeneza mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Usitusemee Waafrika wote.

Bi Tatu: Usinifundishe utani. Mtani hajafiwa yeye! Anatoka upande wa pili, na wafiwa wanamtegemea ili wao wakae na majonzi yao. Kule wanaochafua msiba ni watoto wa marehemu. Tangu lini mtoto akamfunga mgeni kamba baba hajazikwa?

Fundi Picha: Bi Tatu, hapo umetaja kinachoibeba filamu yenyewe. Wale watoto hawafanyi mzaha hata kidogo, wanaficha aibu. Wanamfunga Peter, yule mtu mfupi mwenye picha, wanamnywesha "Valium" kutoka kichupa kilekile, anaanguka, kichwa kinagonga meza ya kioo. Wanadhani amekufa, wanamlaza jenezani juu ya baba yao. Na kumbuka Simon alikwisha kulisukuma jeneza akidai linatikisika, kumbe dawa. Mara ya pili linatikisika kweli. Matthew Macfadyen, ndiye Daniel, anasoma wasifu wa baba yake kwa uso wa mtu aliyefiwa. Chris Rock, kwenye nafasi hiyohiyo, ana uso wa mtu anayesubiri kicheko.

Kijiti: Chris Rock amefanya nini tena? Martin Lawrence, anayeigiza ndugu yake mle, ndiye anayezidisha, si yeye. Na Peter Dinklage, mwigizaji wa yule mtu mfupi, yumo kotekote, kwa hiyo nusu ya sifa zenu ni za huyo mmoja.

Mzee wa Reli: Yumo, ila kule anaitwa Frank na anadai dola 30,000. Kwa Waingereza ni paundi 15,000, na Daniel anahitaji kila senti ahamie nyumba yake, wakati kaka yake Robert kapanda daraja la kwanza kutoka New York na hachangii mazishi. Ndiyo maana kiasi kile kinauma.

Mwana Pugu: Basi Peter naye kama mtani, anadai chake jeneza lingali ndani.

Bi Tatu: Koma! Mtani anadai uani, watu wote wakisikia, akipewa kidogo anapokea na kaburi anasaidia kuchimba. Peter anamwita mfiwa chumbani, mlango unafungwa, ndipo anatoa picha. Hao unawaweka sahani moja?