Naomba ushauri: kiwanja Uvinza kabla SGR (reli ya kisasa) haijafika

Wakuu, habari za kazi. Niko Kigoma mjini, nimeoneshwa kiwanja Uvinza. Dalali anaapa reli ikifika bei itapaa (dalali gani huwa na kiwanja kibaya?). Najua kipande cha Tabora–Kigoma ni kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, na Uvinza ndipo itakapochepuka reli ya Musongati, Burundi.

Shida ni bikoni (alama ya wapimaji ardhi) ya zege yenye rangi nyekundu, iko chini ya mwembe, ndani kabisa ya kiwanja. Muuzaji anasema, "Ya zamani hiyo." Hati hana, ana karatasi ya kijiji tu.

Kama ni hifadhi ya reli (eneo lililotengwa kwa ajili ya reli), fidia atalipwa nani: mimi au aliyeandikwa kwenye uthamini? Ramani naiulizia halmashauri au TRC (Shirika la Reli)? Mliopitiwa na reli kule Makutupora na Isaka, nielekezeni. Anataka hela Ijumaa.