Baisikeli ya kwenda Kaabong kwa laki sita: nianzie wapi?

Kijana_Tororo
Shikamooni wakubwa. Nataka kutoka Mbale kwenda Moroto, Kotido hadi Kaabong kwa baisikeli mwezi wa Januari, ardhi ikiwa kavu. Nina shilingi laki sita za Uganda, wala haziongezeki. Nyumbani ipo Roadmaster ya babu, ile nyeusi ya breki za fimbo. Dukani nimeona nyingine mpya inang'aa, springi mbele na nyuma, gia 21. Mzigo ni hema, sufuria, nguo na maji. Nifanyeje?

Mzee_wa_Lami
Chukua mpya, ndugu. Barabara ya Kotido imejaa vituta vidogo vidogo, bila springi mikono itakufa ganzi.

Fundi_Mbale
Kijana, usimsikilize huyo, ingawa kuhusu mikono hajakosea. Springi za bei hiyo ni chuma kitupu ndani ya bomba. Hazina mafuta ya kuzituliza, kwa hiyo zinadunda tu, na vumbi likishaingia zinalegea. Ya nyuma ndiyo balaa: mlimani inakula nguvu zako, na keria huna pa kuifunga vizuri. Mikono inaokolewa na tairi pana lisilojazwa upepo mpaka likawa gumu.

Nenda kwa wauza mitumba, hapa Mbale au Owino kule Kampala, utafute baisikeli ya milimani ya zamani: rimu 26, fremu ya chuma, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na springi. Zile za miaka ya 1990 bado zinapatikana. Beba sumaku mfukoni. Isiponata, hiyo ni aluminiamu, na mchomeleaji wa senta ndogo huko njiani hataiweza. Chunguza kutu pale chini penye krenki, yaani mikono ya pedali, maana maji hukaa hapo. Vuta bomba la kiti; likigoma kutoka, muachie mwenyewe mali yake.

Hiyo isile zaidi ya nusu ya pesa yako. Zinazobaki zipeleke kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu hapo ndipo safari hufia. Baisikeli nyingi za bei ya chini zina friweli, yaani fungu la gia za nyuma, inayozungushwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kama kifuniko cha chupa. Beringi ya upande wa kulia inabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli, basi ukipakia mzigo ekseli inapinda, halafu inakatika. Dai habu ya kaseti, ile ambayo gia zinachomekwa juu yake badala ya kuzungushwa, na beringi yake inakaribia fremu. Spoku 36 ndizo nzuri, 32 ukikosa. Ziwe mpya, na fundi anapozikaza simama pale pale, maana ukienda kunywa chai atazikaza kwa makadirio. Za nyuma kulia ndizo hukatika kwanza kwani zinavutwa zaidi, kwa hiyo za akiba ziwe za urefu huo. Beba pia kifaa cha kufungulia kaseti. Bila hicho, spoku za akiba ni mapambo tu.

Gia 21 ni hesabu ya kuuzia. Wewe uliza meno: sproketi ndogo ya mbele 22, kubwa ya nyuma 34, utapanda na mzigo wako bila kushuka kusukuma kila mara.

Keria usinunue. Ichomeleshe kwa nondo, mtindo wa wabeba matoke, ila sema nondo ya milimita 8, la sivyo utarudi na kilo za chuma ambazo hukuziomba.

Kijana_Tororo
Ahsante sana mzee. Na Roadmaster ya babu je? Maji nayabeba wapi?

Fundi_Mbale
Roadmaster ni imara, sibishi. Lakini gia moja, rimu za chuma ambazo zikilowa breki haishiki, na kwa kipimo chake cha 28 tairi pana utalitafuta mpaka uchoke. Muachie babu. Maji: dumu la lita 5 kila upande, chini kabisa ya keria, kaza kwa raba za tyubu kuukuu.

Wa_Kotido
Nyongeza kutoka huku. Miiba ya migunga haina huruma. Kata tairi kuukuu jembamba, toa kingo za waya, lilaze ndani ya tairi lako juu ya tyubu. Ni zito, ndiyo, lakini utalala mapema. Tyubu ziwe za vali nene kama za bodaboda, upate upepo popote pikipiki zinapopata. Madigadi acha nyumbani: mvua ya ghafla ikinyesha, udongo mweusi unajaa hapo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na kabla ya kuondoka Moroto waulize madereva na polisi hali ya njia, kila kipande kivyake.

Kijana_Tororo
Wakubwa, nimepata moja Owino. Sumaku imenata, rimu 26, bomba la kiti linatoka. Ila foku ina springi, na muuzaji anataka laki tatu na nusu.

Fundi_Mbale
Mwambie laki mbili na nusu, foku ngumu utaitafuta hapo hapo jirani. Pesa usitoe bado. Nitumie kwanza picha ya habu ya nyuma, upande wa cheni.