Chuma na kalsiamu: nimeze pamoja au?

Mama Pacha:
Habari zenu wakuu. Daktari kaniandikia vidonge vya chuma, damu imepungua. Kalsiamu nilikuwa natumia tangu zamani. Nilitaka nimeze vyote asubuhi kwa mkupuo mmoja na chai, niendelee na mambo yangu, ila dada yangu anasema vitagombana tumboni. Kweli hiyo? Pia kalsiamu inakaribia kuisha. Nimeona za aina mbili, kaboneti na sitreti, sijui nichukue ipi.

Mfamasia wa Zamu:
Msikilize dada yako. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa, na chai ndiyo balaa lenyewe, kahawa vilevile. Chuma meza na maji, tumbo likiwa tupu ukiweza, chai isubiri saa moja au mbili. Kichefuchefu kikikuzidi, meza na chakula kidogo. Utapoteza kiasi lakini hutaacha dawa. Kalsiamu ihamishie jioni.

Sasa kaboneti na sitreti. Kaboneti ina kalsiamu 40% ya uzito wake, sitreti kama 21%, ndiyo maana vidonge vya sitreti huwa vikubwa au vingi. Lakini kaboneti inataka asidi ya tumbo, kwa hiyo imeze na mlo. Sitreti hata bila chakula inaingia. Yoyote utakayochukua, usipitishe miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja, maana kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua.

Mzee Mbishi:
Mkuu, samahani nadandia. Mimi magnesiamu oksidi inanikimbiza chooni kila siku. Nimeuziwa feki?

Mfamasia wa Zamu:
Hapana mzee wangu, ndivyo ilivyo. Oksidi ina magnesiamu nyingi kwenye lebo, lakini haiyeyuki vizuri. Inayobaki huvuta maji kwenye utumbo. Magnesiamu sitreti hufyonzwa vizuri zaidi, ila nayo hulegeza choo. Wengi huona magnesiamu glisineti ni pole kwa tumbo. Kama figo zina shida, usimeze yoyote kabla ya kuongea na daktari.

Mama Pacha:
Ubarikiwe. Nimesahau kusema, natumia omeprazole kwa ajili ya kiungulia.

Mfamasia wa Zamu:
Hilo ungeanza nalo! Chukua kalsiamu sitreti basi. Na mwambie daktari aliyekuandikia chuma, kwa sababu omeprazole hupunguza asidi, na chuma nacho kinaihitaji. Omeprazole usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.